Mkuki wa juzi, bei ya karne: umri wa silaha za jadi unavyopimwa sokoni

SOKO la silaha za jadi jijini Dar es Salaam lina kioja chake. Temeke, kwenye vituo vya chuma chakavu, chuma kikuukuu huuzwa kwa kilo. Mwenge, upande wa Kinondoni, chuma kipya huuzwa kwa miaka. Mteja anayesimama mbele ya safu ya mikuki, sime, ngao na marungu pale kwenye kijiji cha vinyago hauziwi uzito wala urefu, anauziwa umri. Akiambiwa mkuki umefuliwa mwaka jana, atauliza bei kwa ajili ya kujifurahisha tu. Akiambiwa ni wa enzi za Mjerumani, ataushika mara ya pili, ataugeuza kwenye mwanga, na pochi itaanza kufunguka.

Tofauti kati ya bei hizo mbili ndiyo faida yote ya biashara hii, na ndiyo hasara yake. Mfanyabiashara asiyejua kupima umri hununua kipya kwa bei ya kikuukuu, kisha hukaa nacho dukani hadi atokee mtu anayejua kidogo kuliko yeye. Mwekezaji mdogo aliyesikia kwamba vitu vya kale hupanda bei kila mwaka huweka akiba yake kwenye chuma ambacho kimetoka kwa mhunzi majuzi tu. Isitoshe, mwuzaji anayepaaza sauti kwamba bidhaa yake ni ya mwaka 1850 anaweza kuwa anajitangazia kosa la jinai bila kujua. Suala hilo litaelezwa zaidi hapa chini.

Kwa ujumla bidhaa za soko hili ni za aina tatu. Ya kwanza ni zilizotengenezwa kwa ajili ya watalii, nazo ndizo nyingi kupita kiasi. Ya pili ni zilizotumika kweli: sime iliyovaliwa kiunoni na mchungaji, mkuki uliosimama mlangoni mwa boma miaka mingi, jambia lililorithiwa katika nyumba ya pwani. Ya tatu ni za kale hasa, za kabla ya ukoloni au za miaka yake ya mwanzo. Wengi huota aina ya tatu. Lakini aina ya pili ndiyo yenye riziki kwa mtu wa mtaji mdogo, kwa sababu inapatikana, ina mnunuzi wake, na haina matatizo mengi ya kisheria. Kosa la kawaida ni kuipandisha cheo aina ya kwanza kwa maneno matupu mpaka ifanane na ya tatu.

CHUMA KINASEMA NINI

Kipimo cha kwanza ni chuma chenyewe. Kabla ya bidhaa za viwandani kuenea, chuma cha nchi hii kiliyeyushwa kwenye matanuri ya udongo kwa makaa na mvukuto. Wapare wa Ugweno, hasa ukoo wa Washana, walijulikana kwa kazi hiyo. Wafipa walijenga matanuri marefu yaliyoitwa malungu. Wahaya wa Kagera nao walikuwa mafundi. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba matanuri ya kale ya Uhaya yaliweza kutoa chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, karne nyingi kabla ya wageni kufika. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba chuma cha kienyeji ni lazima kiwe duni.

Chuma cha tanuri la udongo hakikuyeyuka kikawa maji. Kilitoka kama donge lenye takataka ndani, likapigwa nyundo tena na tena ili takataka zitoke. Nyingine zilibaki. Ndiyo maana kinapoliwa na kutu kwa miaka mingi huonyesha nyuzinyuzi na tabaka, kama ubao uliopigwa na mvua. Nondo ya dukani haina nyuzi hizo. Ikipata kutu hutoboka vishimo vidogo vilivyotawanyika ovyo, na uso wake kati ya vishimo hubaki wa namna moja.

Kati ya donge la tanuri na nondo kuna kipindi ambacho wengi hukisahau. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilibeba mizigo ya seng'enge, yaani waya mnene wa chuma na wa shaba, kwenda bara. Wahunzi waliinunua na kuifua upya. Mkuki wa Kimasai uliofuliwa Kilimanjaro kwa seng'enge iliyopita Zanzibar una chuma cha Ulaya, na bado ni wa kale kwa haki kabisa. Kwa hiyo chuma cha kigeni peke yake si ushahidi kwamba kitu ni kipya. Ni ushahidi kwamba biashara ya pwani na bara ilikuwa hai.

Baada ya chuma hutazamwa namna kilivyofanyiwa kazi. Mhunzi wa zamani alikunja bamba la chuma kuwa bomba la kupachikia mti, kisha akaligonga likiwa moto. Mshono wake huonekana. Mara nyingine hubaki wazi kidogo na hauendi sawa. Mkuki ambao mahali hapo pana kipande cha bomba la kiwandani lililochomelewa ni kazi ya karakana ya kisasa. Alama za grinda nazo ni rahisi kuzitambua. Ni mikwaruzo iliyopinda, yenye upana mmoja na inayokwenda upande mmoja. Tupa ya mkono huacha mikwaruzo mifupi inayopishana. Fundi mjanja atazifuta kwa msasa upande wa nje, lakini mara chache atahangaika na ndani ya tundu la mpini. Mnunuzi mwenye tochi ndogo ameshashinda nusu ya mchezo.

Mikuki mingi ya kitalii hufungwa kwa hesi ili igawanyike vipande vitatu na kuingia kwenye sanduku la msafiri. Hakuna ubaya wowote katika hesi. Ni ubunifu mzuri wa kibiashara. Ubaya ni pale mkuki wenye hesi safi iliyokatwa kwa mashine unapopewa babu wa babu.

Sura nayo ni ushahidi. Mskoti Joseph Thomson aliyepita Umasaini mwaka 1883 na 1884 alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1885 mkuki mkubwa wenye ubapa wa futi mbili na nusu na upana wa inchi mbili hadi tatu. Afisa wa Kijerumani Moritz Merker, aliyekaa Moshi, alichapisha mwaka 1904 kitabu kizima juu ya Wamasai, na humo silaha zao zimeelezwa. Mikuki ilitofautiana kwa eneo, kwa rika la morani na kwa mkono wa mhunzi. Mwenye duka aliyewahi kuona mikuki yenye tarehe ya kukusanywa, kwenye makumbusho au kitabuni, hawezi kudanganywa kirahisi na mwembamba wa juzi unaoitwa wa karne ya 19.

KUTU SI MIAKA

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mnunuzi mchanga huona kutu na kudhani ameona umri. Dar es Salaam ni mji wa bahari, na hewa yake ina chumvi na unyevu. Mkuki ulioachwa ukumbini Kigamboni kwa masika moja utaonekana mzee kuliko mkuki uliotundikwa miaka sitini kwenye nyumba kavu ya Dodoma, ukipakwa mafuta kila mara. Kutu hupima unyevu kwanza, umri baadaye.

Juu ya hayo, kutu hutengenezwa. Chumvi na ndimu hufanya kazi hiyo kwa siku chache, na maji ya betri kwa haraka zaidi. Wengine hufukia chuma kwenye udongo wenye majimaji na kukisahau kwa makusudi. Kutu ya aina hii huwa na rangi ya machungwa, ni ya unga, na ukipitisha kidole hubaki kidoleni. Kutu ya miaka mingi huwa ya kahawia iliyoiva au nyeusi, imeshikana na chuma, na haiko sawa kila mahali. Mahali palipozoea kushikwa huwa pamelainika. Mahali palipofunikwa na ngozi au mpini hutofautiana na palipokuwa wazi. Kitu chenye kutu sawasawa toka ncha hadi kitako kimeogeshwa, hakikuzeeka.

Mbao nazo zina hadithi hiyohiyo. Mpini ulioshikwa na mikono kwa miaka hung'aa pale mikono ilipopita na si kwingineko. Ule uliokaa darini juu ya moshi wa jikoni huwa na masizi yaliyoingia kwenye nyufa. Fundi wa haraka hutumia kiwi ya viatu, oili chafu ya gari au chai nzito. Dawa yake ni pua na kitambaa cheupe. Kiwi hunuka kiwi, na kitambaa chenye mafuta kidogo kitaondoka na rangi. Wachongaji wa Mwenge wanaijua hila hii vizuri, kwa kuwa ndiyo ileile inayotumika kuugeuza mti wa kawaida kuwa mpingo. Tofauti ni kwamba mpingo wa kweli huzama majini, na ndoo moja ya maji humaliza ubishi. Umri hauna ndoo.

Kuhusu matundu ya wadudu, tundu la mdudu halinyooki kama la keekee. Huingia, hupinda, na kutokea asipotarajiwa. Kukiwa na unga mpya unaomwagika, mdudu bado yumo ndani, na mnunuzi atakuwa amenunua pamoja na mpini mgeni atakayekula bidhaa nyingine zote dukani.

KIPANDE KICHANGA KULIKO VYOTE

Wapimaji wazoefu, wawe Nairobi, London au Jakarta, wana kanuni moja: kitu hakiwezi kukamilika kabla kipande chake kichanga kuliko vyote hakijatengenezwa. Kanuni hii haihitaji maabara. Inahitaji macho na kumbukumbu ya tarehe chache.

Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1938. Ala ya sime iliyoshonwa kwa uzi wa nailoni haikushonwa kabla ya hapo, hata kama mwuzaji ataapa kwa jina la marehemu. Skurubu zenye alama ya msalaba kichwani zilianza kutumika viwandani katika miaka ya 1930. Jambia lenye skurubu ya namna hiyo kwenye mpini limefanyiwa kazi baada ya wakati huo. Shanga za plastiki na ngozi ya bandia hazihitaji maelezo.

Sime ina ushahidi mwingine unaopendeza. Nyingi zimefuliwa kutoka kwenye mapanga ya kiwandani, na chini ya ngozi ya mpini mara nyingine huonekana alama ya kiwanda. Alama ya mamba ni ya Ralph Martindale wa Birmingham, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1874. Sheria ya alama za bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1887 ndiyo iliyosukuma bidhaa za kigeni kuandikwa nchi zilikotoka. Kwa hiyo bapa lenye maandishi ya Kiingereza yanayosema limetengenezwa Ujerumani halipaswi kupewa umri wa kabla ya mwaka huo. Nyingine zimefuliwa kutoka springi za magari, na gari la kwanza lilifika nchi hii katika karne ya 20, si kabla.

Lakini kanuni ya kipande kichanga ina mtego wake. Silaha iliyotumika ilitengenezwa. Mpini ukivunjika uliwekwa mwingine. Ala ikichakaa ilishonwa upya. Sime yenye ala ya juzi inaweza kuwa na bapa la bibi na babu. Wanaokusanya mandau, upanga wa Wadayak wa kisiwa cha Borneo, wanakutana na tatizo hilohilo kila siku. Bapa la mandau ni la ajabu, upande mmoja umevimba kidogo na mwingine umebonyea. Mpini wake mara nyingi ni wa pembe ya paa mkubwa iliyonakshiwa, na ala ni ya mbao iliyofungwa kwa hedaya. Vipande hivyo vitatu huweza kuwa vya vizazi vitatu. Mpimaji wa kule hukipima kila kipande peke yake, kisha huuliza kama vimezoeana: je, bapa linaingia kwenye ala bila kulazimishwa, je, mkwaruzo wa ndani ya ala unalingana na ukingo wa bapa? Swali hilo linafaa sana kwa sime ya Kimasai na kwa jambia la Zanzibar.

Sarafu nazo hutumika kama mapambo, na ndizo zinazodanganya kwa uhodari mkubwa. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash ina mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Heller za Wajerumani zilianza mwaka 1904. Sarafu iliyopigiliwa kwenye ala inathibitisha jambo moja tu, kwamba ala haikupambwa kabla ya sarafu kutoka. Haithibitishi kwamba ilipambwa siku ileile. Sarafu kuukuu zinauzwa mitaani hadi leo, na msumari haujui historia. Ajabu kuliko zote ni reale ya fedha ya Maria Theresa, iliyokuwa fedha ya biashara kuu ya pwani yetu. Zote zimeandikwa mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, na ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hadi karne ya 20. Mtu anayeuziwa jambia la "mwaka 1780" kwa sababu ya reale kwenye mkanda wake ameuziwa tarehe ya kifo cha malkia wa Austria.

Mapanga ya Zanzibar na Oman yanastahili tahadhari ya ziada. Bapa nyingi ziliagizwa Ulaya, mji wa Solingen ukiwamo, na kuvishwa mipini na fedha na mafundi wa huku. Mtu anaweza kuwa na bapa la Ujerumani, mpini wa Muscat na ala ya Unguja, vyote halali kabisa. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni fedha yenyewe, kwani madini mengine meupe hung'aa vilevile, na sonara mwaminifu atamaliza shaka hiyo kwa dakika chache.

Wapo wanaotamani maabara. Kipimo cha kaboni kipo, lakini kwa vitu vya karne ya 18, 19 na mwanzo wa 20 hutoa majibu yanayoyumba mno kiasi cha kutosaidia biashara. Kinachoweza kusema kwa uhakika ni kama mti au ngozi ilikua baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, kwa kuwa majaribio hayo yaliacha alama hewani. Ni kipimo kizuri cha kumkamata mwongo, si cha kumpa mkweli cheti. Na gharama yake ni kubwa kuliko bei ya mikuki mingi.

MKUKI WA MKWAWA

Kuna hadithi zinazouzwa pamoja na silaha, na maarufu kuliko zote ni ya Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliushinda mno msafara wa Emil von Zelewski pale Lugalo, na bunduki nyingi zikaangukia mikononi mwao. Mkwawa mwenyewe alifariki mwaka 1898, na fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954. Kalenga, Iringa, kuna makumbusho yanayohifadhi kumbukumbu zake. Kwa hiyo kila mkuki mfupi unaotokea Nyanda za Juu Kusini hupata ukoo wa kifalme ukifika Dar es Salaam. Vivyo hivyo silaha za kusini huitwa za Majimaji, vita vya mwaka 1905 hadi 1907.

Hadithi si takataka. Ikiwa na karatasi nyuma yake, ndiyo inayopandisha bei kuliko kutu yoyote. Lakini hadithi bila karatasi ni upepo. Silaha nyingi za vita hivyo zilichukuliwa na Wajerumani na ziko kwenye makumbusho ya Berlin na kwingineko, zikiwa zimeandikwa nani alizikusanya na wapi. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alizunguka kusini mwa nchi hii akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho. Kwa mnunuzi, makusanyo hayo ni kipimo: kitu chenye tarehe na mahali ndicho cha kulinganishia kisicho na chochote. Suala la kurudishwa kwa vitu hivyo limepata uzito, hasa baada ya Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani kuomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023. Hali hiyo imewafanya wanunuzi wa Ulaya wawe waoga. Leo mnunuzi makini wa huko huuliza kwanza kitu kilitokaje Afrika, na makumbusho mengi huutumia mwaka 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO juu ya biashara haramu ya mali za utamaduni, kama mstari wa kuamulia. Asiyekuwa na jibu la maandishi hupewa bei ya pambo la ukutani.

Jambo dogo linalogharimu kidogo sana: mtu anayenunua kitu kilichotumika kutoka familia yake ya asili aandike. Jina la kijiji, nani alikimiliki, kilitumika kwa kazi gani, mwaka wa kununuliwa, na picha kikiwa bado mikononi mwa mwenyewe kama ameridhia. Karatasi hiyo moja, baada ya miaka ishirini, itakuwa na thamani kuliko ndimu na chumvi zote za Temeke.

MWAKA 1863

Sasa lile suala la kosa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inautaja mwaka 1863. Kitu kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka huo ni mabaki ya kale, na si bidhaa ya kuuzwa mezani kama nyanya. Milango na miimo iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940 nayo inalindwa. Vilevile sheria inavitambua vitu vya utamaduni vilivyotengenezwa baada ya 1863 kwa matumizi ya jamii. Kusafirisha nje vitu vinavyolindwa kunahitaji kibali.

Tazama basi kichekesho cha soko. Mwuzaji anayedai mkuki wake ni wa mwaka 1850 ana njia mbili. Kama anasema kweli, ameingia kwenye sheria. Kama anasema uongo, ni tapeli. Hakuna njia ya tatu, na bado dai hilo hutamkwa mchana kweupe.

Sheria nyingine zinagusa mikono na mipini. Mpini wa pembe ya faru kwenye jambia, kipande cha pembe ya ndovu kwenye kitara, ngao ya ngozi ya nyati, vyote vinaangukia kwenye nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwa navyo bila kibali ni kosa hata kama babu aliviacha. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Magobore nayo, hata yale yenye alama ya taji la Kiingereza na yasiyoweza kulia tena, ni ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwekezaji mdogo ayaache yapite. Podo la mishale halina shida ya kisheria kwa kawaida, ila lina shida ya afya. Sumu ya mti wa Acokanthera inayopakwa kwenye chembe hudumu miaka mingi, na mteja anayejaribu ukali kwa kidole gumba anacheza na roho yake.

HESABU YA MWEKEZAJI

Je, panalipa? Hesabu ya mfano inatosha. Tuseme mtu amenunua mkuki uliotumika kweli kwa shilingi 150,000. Fedha hizo zingewekwa mahali penye faida ya asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka mitatu zingekuwa shilingi 199,650. Kama dalali atachukua asilimia 10 siku ya kuuza, basi mkuki lazima uuzwe karibu shilingi 221,800 ili mwenyewe asiwe amepata hasara ya kimyakimya. Hapo hajahesabu usafiri, mafuta ya kupaka, wala nafasi dukani.

Akinunua mitatu kwa bei hiyo, na mmoja ukagundulika ni wa juzi na kuuzwa shilingi 30,000, miwili iliyobaki itabidi kila mmoja ulete zaidi ya shilingi 284,000 ili kufidia, bila dalali. Bandia moja kati ya tatu inaongeza kwa zaidi ya asilimia 40 bei inayotakiwa kwa zile halali. Ndiyo maana ujuzi wa kupima ni sehemu ya mtaji, kama zilivyo fedha zenyewe.

Tofauti na hisa, mkuki hautoi gawio. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL, mwenye hisa ameweza kuona bei yake bila kumwuliza mtu. Mkuki hauna ubao wa bei. Bei yake ni ile ya mteja wa mwisho aliyefika mlangoni, na wateja hao hufuata msimu: wengi Juni hadi Oktoba na tena Desemba hadi Februari, wachache masika. Anayelazimika kuuza Aprili kwa ajili ya ada ya shule atauza kwa bei ya Aprili.

Njia yenye usalama, na inayodharauliwa bila sababu, ni kuuza kipya kama kipya. Mhunzi anayefua vizuri kwa mkono ana haki ya kupiga alama yake na mwaka kwenye kitako cha mkuki. Mteja wa kigeni aliyewahi kuumizwa atalipa zaidi kwa kazi safi yenye jina kuliko kwa ukale wenye mashaka. Isitoshe, alama hiyo itawafaa wajukuu wa mhunzi, kwani mkuki wa leo nao utazeeka.

Kwa aliyekwisha nunua cha zamani, uhifadhi ni kazi ya kila mwezi. Msasa na brashi ya waya viwekwe mbali. Rangi nyeusi iliyoiva ndiyo aliyoilipia. Mafuta membamba kidogo yanatosha. Sime na jambia zisihifadhiwe ndani ya ala, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuula ubapa polepole. Viwekwe kando kwa kando, vyenye namba moja ili visichanganywe.

Asiyejua aanzie pasipo na bei. Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert na Kijiji cha Makumbusho kilichopo Kijitonyama vinatoza kiingilio tu, na asubuhi moja ya kuangalia vitu vya kweli hufundisha jicho kuliko maneno ya wauzaji kumi. Anayekusudia kusafirisha apeleke kitu chake na picha zake Mambo ya Kale, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, kabla hajafunga mzigo na kabla hajapokea fedha za mteja wa nje. Kwenye ndege, mkuki na sime huenda kwenye mizigo ya chini, havipandi na abiria. Risiti ya duka iandikwe kitu kilivyo: kipya, kilichotumika, au kikuukuu, pamoja na eneo kilikotoka.